Hizi -er za player, faster, corner na soccer ni mofimu moja au? Wajuzi wa isimu naombeni msaada

MtotoWaUyole
Habari za jioni wakuu, naombeni mnisaidie maana jaribio ni wiki ijayo na huku kichwa kishaanza kupata moto. Niko mwaka wa kwanza, nasomea ualimu hapa Iringa, masomo yangu ni Kiingereza na Historia, kwetu Mbeya. Muhula huu tumeanza isimu ya Kiingereza, somo lenyewe nalipenda kweli, shida nimekariri maana zote, mofimu ni kipashio kidogo kabisa chenye maana, mofimu huru inasimama peke yake, mofimu tegemezi haiwezi, halafu nikipewa maneno nichambue nakwama pale pale.

Mwalimu katuachia maneno manne, player, faster, corner na soccer. Swali lake fupi tu, -er ya kila neno inafanya kazi gani. Grupu letu la darasa limegawanyika, wengine wanasema ni mofimu moja kwa sababu inaandikwa vile vile na inatamkwa vile vile, wengine wanasema mbili, na kuna dada mmoja anasema ziko tatu na ya nne siyo mofimu kabisa ila hajatuambia kwa nini.

La pili, alisema -s ya wingi ina matamshi matatu. Kiingereza nimesoma tangu shule ya msingi sijawahi kuambiwa hivyo, mimi nasikia s tu.

La tatu halipo kwenye jaribio ila limeniganda. Juzi kibanda umiza pale Kihesa wakati wa mapumziko jamaa mmoja alisema soccer ni neno la Wamarekani, Mwingereza hahusiki nalo. Ni kweli?

KigingiChaGoli
Hilo la tatu jamaa yuko sawa mkuu, Wamarekani wana mpira wao ule wa kubeba mikononi wanauita football, kwa hiyo huu wetu ikabidi wautungie jina lingine. Hayo ya mofimu nawaachia walimu.

TichaMakambako
Mdogo wangu MtotoWaUyole, huyo dada wa kwenye grupu ndiye mwenye jibu, mmtafute akae mbele. Ngoja nikupeleke polepole maana mimi nafundisha sekondari na hapa ndipo wengi wanapotelea, wanaangalia herufi badala ya kuangalia kazi.

Chukua player. Toa -er unabaki na play, kitenzi kinachosimama chenyewe, unacheza. Rudisha -er umepata nomino, mtu anayecheza. Umetengeneza neno jipya na aina ya neno imebadilika. Keeper vile vile, striker vile vile. Sisi kazi hiyo hiyo tunaifanya kwa vipande viwili, cheza inakuwa mchezaji, m- mbele na -ji nyuma. Huo ndio unyumbulishaji.

Sasa faster. Toa -er unabaki na fast, mwenye kasi. Rudisha, bado ni mwenye kasi, ila sasa amezidi mwenzake. Hakuna neno jipya lililozaliwa, ni lile lile limevalishwa kulingana na sentensi inavyotaka. Huo ni uambishaji, na Kiingereza kina viambishi vya aina hii 8 tu, ni vichache mno ukilinganisha na lugha zetu ambako kitenzi kimoja unakijaza viambishi mpaka kinakuwa sentensi nzima. Vyote 8 unaweza kuvipata kwenye mechi moja: goals ya wingi, keeper's ya umiliki, he plays ya mtu mmoja wa tatu, played ya wakati uliopita, playing, beaten, faster na fastest. Ukivijua hivyo, kiambishi kingine chochote ukikutana nacho kwenye mtihani jua ni cha kunyumbulisha.

Kwa hiyo -er ya player na -er ya faster zimefanana sura tu. Sauti moja, maandishi yale yale, mofimu mbili. Waliosema zinatamkwa sawa kwa hiyo ni moja wamesahau neno chenye maana kwenye ile ile fasili waliyoikariri.

Corner sasa. Toa -er unabaki na corn, mahindi. Kona ya mpira haina uhusiano wowote na mahindi, wala siyo mtu anayelima mahindi, wala siyo mahindi yaliyozidi mengine. Kipande kilichobaki hakichangii maana ya neno zima, basi hukuwa na ruhusa ya kukata. Corner ni mofimu moja huru nzima nzima. Fanya hili jaribio kila mara, kata halafu uulize vipande vyote viwili vina kazi gani humo ndani, kimoja kikikosa jibu rudisha kisu.

Soccer ndiyo tamu. Na hapa KigingiChaGoli samahani ndugu yangu ila sikubaliani na wewe. Neno hili limezaliwa Uingereza. Tarehe 26 Oktoba 1863 viongozi wa vilabu walikutana kwenye baa moja ya London iliyoitwa Freemasons' Tavern wakaanzisha Football Association, na mpira uliochezwa kwa sheria zao ukaitwa association football ili usichanganywe na ule wa rugby, ambao nao ulipata chama chake mwaka 1871. Sasa wanafunzi wa Oxford miaka ile walikuwa na mtindo wao wa kufupisha maneno na kuyabandika -er mwishoni, rugby wakaiita rugger, na association wakachomoa ile soc ya katikati wakabandika -er wakapata soccer. Wamarekani walilipokea wakabaki nalo kwa sababu kweli football kwao lilishachukuliwa na mchezo mwingine, hapo uko sahihi, ila hawakulitunga. Na sisi tunaposema soka tunatumia neno la wanafunzi wa Uingereza wa karne ya 19.

Kwa hiyo -er ya soccer haimaanishi mtendaji, haimaanishi kuzidi, ni ya mazoea, ya kijiweni. Hiyo ni ya tatu. Kama mwalimu wako anataka mchambue Kiingereza cha leo tu bila historia, unaweza pia kusema msemaji wa leo haioni tena ile soc ndani, kwake soccer ni kipande kimoja. Majibu yote mawili yanatetewa, ila andika sababu, alama ziko kwenye sababu.

La -s nakuja, ngoja nimalize kusahihisha madaftari.

MtotoWaUyole
Ticha shikamoo, asante sana aisee. Nimeelewa vizuri kuliko mihula yote. Hebu nijaribu mwenyewe, winger nikitoa -er nabaki na wing, ambayo ni nomino tayari, kwa hiyo -er haijabadilisha aina ya neno ila imeleta mtu, si bado ni unyumbulishaji?

TichaMakambako
Marhaba. Ndiyo, bado. Kubadilisha aina ya neno ni dalili nzuri ila siyo lazima, la msingi ni kwamba neno jipya limepatikana, upande wa uwanja umekuwa mtu anayecheza upande huo. Na ukiwa hapo hapo mwangalie refa, referee, kuna refer ambayo ni kumpelekea mtu jambo aamue, halafu -ee ni yule anayepelekewa. Kama employee, anayeajiriwa.

Haya -s. Weka vidole kooni. Sema ssss. Sasa sema zzzz. Kwenye z koo linatetemeka, kwenye s limetulia. Sauti inayotetemesha koo tunaita ghuna, isiyotetemesha sighuna. Hata Kiswahili kinatofautisha, sana na zana ni maneno mawili na tofauti yao ni huo mtetemo tu, ndiyo maana tunasema s na z ni fonimu mbili, yaani sauti zinazotofautisha maana, na hayo maneno ni jozi mlinganuo finyu.

Sasa Mwingereza anapoweka wingi anaangalia sauti ya mwisho ya neno. Sauti, siyo herufi. Kick na shot zinaishia na sighuna kwa hiyo -s inabaki s, kicks, shots. Goal, fan, corner mwisho wake unatetemesha koo kwa hiyo -s inageuka z, tunaandika goals tunatamka na z mwishoni. Pass na match zinaishia na sauti za kufoka kama s au ch, huwezi kubandika s juu ya s ikasikika, kwa hiyo anaingiza kairabu katikati, passes, matches, inasikika iz. Mofimu ni moja, ya wingi, sura zake tatu ndizo alomofu. Na hakuna Mwingereza anayefikiria hapo, ulimi unafuata njia rahisi, kama ambavyo wewe husomi kanuni kabla ya kusema mwalimu badala ya mualimu.

Ukitaka kuhakikisha umeelewa, kafanye na -ed. Kicked inaishia t, scored inaishia d, defended inaishia id. Ni mtindo ule ule.

KigingiChaGoli
Nimekubali kwenye soccer ticha, nitaenda nalo kijiweni. Swali dogo, sasa hat-trick ina nini cha kofia? Au nayo haikatwi?

TichaMakambako
Inakatwa, hat na trick zote ni mofimu huru zimeungana kuwa neno moja, tunaita neno ambatani. Ila haikuanzia kwenye mpira wa miguu, ni ya kriketi. Mwaka 1858 pale Sheffield mrushaji anaitwa H. H. Stephenson aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo, watu wakachanga pesa wakamnunulia kofia. Baadaye ikahamia kwenye mabao matatu. Ndiyo maana kwenye maneno ambatani usitegemee kujumlisha maana za vipande ukapata jibu, mengi yanabeba hadithi yake.

MpungaWaKyela
Jamani niongezee kwenye fonimu maana hili ni eneo ninalolipenda. Watu wanafundishwa Kiingereza kina irabu tano, a e i o u. Hizo ni herufi. Sauti za irabu za Kiingereza kile cha Uingereza kinachofundishwa shuleni ni kama 20 ukihesabu na zile irabu mbili-mbili zinazotamkwa kwa mtelezo kama sauti moja, na konsonanti 24, ndiyo wanapata fonimu 44. Kiswahili irabu zake ni tano kweli kweli, herufi na sauti zinakutana. Kwa hiyo mtu wa Kiswahili akisikia ship na sheep anaziweka zote kwenye i yake moja, pull na pool zote kwenye u yake moja. Siyo kwamba masikio mabovu, ni kwamba lugha yake haijawahi kumdai tofauti hiyo.

Sasa sikiliza hii, MtotoWaUyole kama nyumbani mnaongea Kinyakyusa wewe una mtaji. Kinyakyusa kina irabu saba. Kuna i mbili na u mbili, ile ya juu kabisa na ile iliyolegea kidogo chini yake, ndiyo maana kwenye maandishi mengine ya Kinyakyusa unaona i na u zenye kamstari katikati. Ile i iliyolegea inakaribiana sana na i ya ship. Yaani mtoto wa Rungwe au Kyela anayo tayari kinywani, tatizo anapofika darasani anaambiwa aache lugha ya nyumbani aanze upya kupitia Kiswahili, anaipoteza njiani. Mimi linaniuma sana hili. Msikilize bibi akiongea, halafu rudi kwenye sheep na ship uone kama hutasikia tofauti.

MtotoWaUyole
Dah! Nimetoka nje nimempigia simu mama, nikamwomba aongee Kinyakyusa tu, kadhani naumwa. Ila kweli aisee, ipo! Nimeisikia kabisa, na nimerudi nikatamka ship na sheep mbele ya mwenzangu wa chumbani kazitofautisha.

MpungaWaKyela
Ubarikiwe. Na mwambie mama asante.

KamweneIhemi
Kamwene wote. Naomba niingize mkazo maana watu wa isimu wakianza mofimu wanausahau. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, machache sana yanakiuka, wote tunajua ule mfano wa barabara ya magari na barabara ya kusema sawasawa. Kiingereza kinauhamisha na kazi inabadilika. Watangazaji wa mpira wakati wa usajili wasikilizeni vizuri, transfer yenye mkazo mwanzoni ni nomino, uhamisho, na transfer yenye mkazo mwishoni ni kitenzi, kuhamisha. Record ni hivyo hivyo. Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 pale Christchurch mwezi wa pili mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 aliweka record, mkazo mwanzo. Waliokuwa wanarekodi mbio zile walikuwa wana-record, mkazo mwisho. Maandishi yale yale herufi kwa herufi.

DamuYaZambarau
Nami nina mchango, sikusoma isimu ila ligi ya Uingereza naifuata tangu mdogo na majina ya timu yanajirudia mwishoni. Manchester na Leicester, Everton na Brighton na Southampton, Bournemouth na Portsmouth, Brentford. Je hizo -chester na -ton na -mouth nazo ni mofimu? Niliwahi kusoma kwamba -chester imetokana na Kilatini castra, kambi ya jeshi, kwa sababu Warumi walikuwa na ngome hapo, -ton ni kijiji au shamba la zamani, -ford ni pale mto unapovukika kwa miguu, na -mouth ndiyo hiyo hiyo mdomo, mto unapoingia baharini. Newcastle nadhani haihitaji hata kamusi, ngome mpya.

TichaMakambako
Umenifurahisha sana, hiyo ndiyo isimu yenyewe, kuona kitu kinajirudia na kuuliza kwa nini. Jibu langu ni kwamba kihistoria zote zilikuwa na maana kamili na ulizotaja ni sahihi. Ila kwa Kiingereza cha leo tenganisha. New na castle, mouth, ford, hizo bado ni maneno hai, mtu wa leo anaziona. Chester hapana, mwenyeji wa Manchester ukimwambia ataje maana ya man- na ya -chester atakuangalia, hata Leicester yenyewe wameshaimeza wanatamka Lesta. Anajua tu kwamba likiishia hivyo ni jina la mji. Kwa hiyo useme ni masalia ya mofimu, usiiweke kapu moja na -er ya player ambayo mpaka leo unaweza kuitumia kutunga neno jipya na kila mtu akakuelewa.

Na tusiende mbali jamani, tazameni majina ya kwetu. Iyunga, Iwambi, Isanga, Ilomba, Itende, hizo zote ni kata za Mbeya mjini, ile I- ya mwanzo inajirudia tu. Majina ya ukoo ya Kinyakyusa nayo na Mwa- yake. Mwanafunzi anayeweza kukaa kwenye daladala kutoka Uyole mpaka Mbalizi akaviona hivyo viambishi kwenye vibao vya njiani hawezi kushindwa na maneno manne ya Kiingereza.

DamuYaZambarau
Na Tukuyu Stars waliobeba ligi mwaka 1986, ile -s ya Stars ni z sasa, nimeshaelewa.

MtotoWaUyole
Wakuu la mwisho halafu nakaa kusoma. Leaf wingi wake leaves, wolf wingi wake wolves, hapo s imekuwa z sawa kwa sababu ya v, ila f imegeukaje v? Na mwenzangu kanionyesha timu ya hoki ya Toronto inaitwa Maple Leafs, siyo Leaves. Wamekosea?

KamweneIhemi
Hawajakosea. Hilo ni jina la tangu 1927 na lina sababu nzuri kabisa, ticha atakueleza.

TichaMakambako
Nitakueleza. Wolf ni kati ya maneno machache ya zamani ambayo mzizi wenyewe una sura mbili, ya umoja yenye f na ya wingi yenye v. Kwa hiyo pale alomofu zipo pande zote, mzizi una zake na wingi una zake. Wolverhampton Wanderers wanaitwa Wolves, na ni wingi wa kawaida wa wolf, mnyama mwenyewe yuko kwenye nembo yao.

Maple Leafs haiongelei majani. Inaongelea timu, na kila mchezaji ni Maple Leaf mmoja, mtu, siyo jani. Neno likishageuzwa jina linakata undugu na ule wingi wa zamani, linachukua ile -s ya kawaida. Ukikosa mfano mwingine nenda kwenye besiboli. Fly, kuruka, wakati uliopita ni flew. Lakini mchezaji akipiga mpira juu ukadakwa kabla haujagusa chini akatolewa, wanasema flied out, hawasemi flew out, kwa sababu kitenzi hicho kimetengenezwa kutoka kwenye nomino, fly ile ya mpira uliopigwa juu, na hakuna mtu aliyeruka angani. Kinapata -ed kama kitenzi chochote kipya.

Ukiulizwa kwenye jaribio andika leaves ina mofimu mbili, mzizi leaf kwa alomofu yake ya v, na wingi kwa alomofu yake ya z. Leafs pia ina mofimu mbili, mzizi haujabadilika, na kwa kuwa unaishia na f ambayo haitetemeshi koo, -s inabaki s.